Barua ya wazi kwa mkuu wa shule na bodi: njia ya chuo kikuu tuambieni mapema

Kwa:
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Shule,
Shule ya Sekondari (jina nalihifadhi),
Mkoa wa Dodoma.

YAH: WAHITIMU WA KIDATO CHA SITA NA WAZAZI WAO KUACHWA BILA TAARIFA ZA MAOMBI YA CHUO, MKOPO NA GHARAMA

Ndugu Mkuu wa Shule, Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa bodi,

Salaam. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi mkazi wa Kibaigwa. Nalima alizeti na mahindi, na msimu ukifika nanunua na kuuza. Binti yangu amesoma kwenu miaka sita, tangu kidato cha kwanza hadi cha sita, na katika ukoo wetu yeye ndiye wa kwanza kufika hapo. Mdogo wake bado yuko kwenu, kidato cha tatu.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya ndani nimeshaipita. Nimefika ofisini mara tatu. Mara ya kwanza nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti, nikaahidiwa kupigiwa simu. Mara ya pili niliambiwa mkuu yuko kikaoni mjini. Mara ya tatu niliacha barua kwa karani, akanigongea muhuri kwenye nakala yangu, na nakala nyingine nikampelekea mjumbe mmoja wa bodi nyumbani kwake. Huu ni mwezi wa tano tangu hapo, na sijapata jibu. Jina la shule silitaji kwa sababu kuna watoto wanasoma humo na walimu wanaojituma humo, na sitaki yeyote kati yao anyooshewe kidole kwa ajili ya barua yangu. Ninyi mtajitambua.

Naanza na shukrani, nazo ni za kweli. Binti yangu alifaulu. Mwalimu wake wa Kemia alikuwa akiwafundisha usiku hadi saa nne, bila kulipwa hata shilingi, na matroni alimuuguza malaria kama mwanawe. Sina neno juu ya ufundishaji. Nalalamikia kilichotokea nje ya darasa: mambo ambayo shule ilikuwa inayajua au ilipaswa kuyajua, na ambayo sisi wazazi tuliambiwa wakati yameshapita, au hatukuambiwa kabisa.

1. Tahasusi ilibadilishwa, na hakuna aliyeniambia unafungwa mlango gani

Binti yangu alipangiwa tahasusi ya PCB, yaani mchanganyiko wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Tangu darasa la sita alikuwa akisema atakuwa daktari, hadi bibi yake akazoea kumwita dokta. Mwezi wa pili wa kidato cha tano mwalimu wa Fizikia alihama, na wanafunzi wa PCB wakashauriwa kwenda CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Alinipigia kwa simu ya matroni: "Mama, Fizikia imetoka, Jiografia imeingia." Nikamwambia soma mwanangu. Kwa akili yangu Kemia na Baiolojia zilikuwa bado zipo, kwa hiyo niliona udaktari haujaguswa.

Nilikuja kuujua ukweli Julai, baada ya matokeo, nimekaa kwenye benchi la steshenari hapa Kibaigwa, kijana anayejaza fomu akinisomea mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Shahada ya udaktari wa binadamu inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Nilimwambia arudie. Akarudia. Mwanangu alikuwa na B ya Baiolojia na C ya Kemia. Hizo ni alama 7, wakati kiwango cha chini cha kuingia shahada nyingi ni alama 4 kwa masomo mawili. Alikuwa amefaulu vizuri, na bado mlango alioutaka ulikuwa umefungwa tangu kidato cha tano, siku ile aliyonipigia kwa simu ya matroni.

Kwa wakati huo yeye alikuwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, Bulombora, Kigoma. Aliponipigia Jumapili sikumwambia. Nilimwambia tunaendelea na maombi. Amekuja kujua siku aliyorudi, mezani, na siku hiyo hakula.

Sisemi mngemlazimisha kusoma Fizikia bila mwalimu. Nasema mngeniandikia karatasi moja: tahasusi imebadilika, kozi hizi zinabaki, hizi zinaondoka. Ningekuwa na miaka miwili ya kufikiri. Ningeweza kumtafutia uhamisho. Au ningeambiwa jambo nililokuja kuelezwa na mganga wa zahanati yetu, tena kwa bahati tu, nimempeleka mama mkwe kupima presha: kwamba diploma ya utabibu inaangalia matokeo ya kidato cha nne, ambako binti yangu ana Fizikia, na kwamba wapo waliopita huko wakapanda hadi udaktari. Na kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/2024 hata wanafunzi wa diploma katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo, wanaruhusiwa kuomba mkopo. Haya yanajulikana. Kwa nini nayasikia nikiwa kwenye foleni ya dawa?

2. Majina

Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la baba wa binti yangu ni Yohana. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, uliosajiliwa na shule yenu, Yohana amekuwa John. Kwa masikio yetu ni jina moja. Kwa mashine ni watu wawili.

Kwa wazazi ambao hawajafika huko, maombi ya mkopo yanaanza na namba ya mtihani wa kidato cha nne. Ukiiingiza, jina linajileta lenyewe kama lilivyo Baraza la Mitihani. Mbele kidogo unatakiwa cheti cha kuzaliwa ambacho RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wamekihakiki. Majina yakipishana, mnasimama hapo hapo. Sisi tulisimama wiki ya tatu ya Agosti. Nikaenda kwa wakili kuandikiwa hati ya kiapo, nikaambiwa itafaa pia barua ya shule kuthibitisha kwamba John na Yohana ni baba mmoja. Barua hiyo nimeiomba kwenu. Ndiyo niliyoifuatilia mara tatu. Dirisha la maombi likafungwa.

Nimeshaambiwa kwamba jina lilitoka hivyo shule ya msingi. Inawezekana. Lakini kidato cha kwanza, kwenye fomu ya kujiunga, mlitaka kivuli cha cheti cha kuzaliwa, nami nikakileta. Kipo kwenye faili lake. Toka Januari ya kidato cha kwanza hadi usajili wa mtihani wa kidato cha nne ni miaka mitatu kamili, na hakuna aliyefungua faili akalinganisha mistari miwili.

Lipo na la baba yao. Alifariki 2017, nyumbani, kijijini. Tulimzika, tukamaliza matanga, tukarudi shambani. Cheti cha kifo hakuna aliyekiwaza. Shuleni kwenu binti yangu yumo kwenye orodha ya yatima. Orodha hiyo mliiandika wenyewe, na mara mbili aliitwa kupokea daftari na sabuni kwa sababu yake. Yatima anapewa uzito kwenye mkopo, lakini ni lazima athibitishe kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa. Mngemwambia tu, "Mwambie mama atafute cheti cha kifo cha baba." Sentensi hiyo haikusemwa miaka sita. Nimekitafuta Agosti, miaka saba baada ya kifo: barua ya mtendaji, mashahidi wa mazishi ambao mmoja ameshahamia Kiteto, gari hadi Mbande, kutoka Mbande hadi Kongwa ofisi ya wilaya, rudi, nenda tena.

3. Kalenda ya watoto na kalenda ya maombi zinagongana, nanyi mnalijua hilo kila mwaka

Mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei. Wiki chache baadaye vijana wanaripoti JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa 2013, na wanakaa miezi mitatu. Matokeo yanatoka Julai. Maombi ya vyuo na ya mkopo yanapita katikati ya miezi hiyo hiyo. Mwenye vyeti yuko kambini na hana simu. Anayebaki na kazi ni mama yake, mwenye simu ndogo ya kitochi.

JKT siipingi. Mwanangu amerudi kutoka Bulombora amenyooka, anaamka alfajiri kabla yangu. Ila kalenda hii haiwashtukizi. Mmetoa wahitimu wangapi tangu 2013? Kila mwaka mnawaaga Mei kwa mahafali, hotuba na keki, na wanatoka getini bila bahasha yenye nakala za vyeti vyao, bila barua pepe waliyofunguliwa, bila orodha ya vinavyotakiwa.

Matokeo yake tunaangukia mikononi mwa vijana wa steshenari. Ni vijana wazuri, wanajitafutia riziki, lakini wanajaza fomu thelathini kwa siku. Aliyetujazia aliweka namba yake ya simu kwenye maombi ya vyuo, ili asisumbuke kunipigia kila ujumbe unapoingia. Binti yangu alichaguliwa vyuo viwili. Anayechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo kimoja, na muda wake ni mfupi. Namba ilitumwa kwenye simu ya kijana, na kijana alikuwa ameshahamishia kazi yake Gairo. Nilimfuata Gairo. Nilimkuta saa kumi jioni, siku ya mwisho. Mwenzangu wa Pandambili hakumpata wa kwake.

4. Gharama, na hasa wakati wake

Nimeandika kila shilingi kwenye daftari la biashara. Cheti cha kifo pamoja na nauli za Kongwa, 46,000. Uhakiki wa vyeti viwili, 6,000. Wakili, 20,000. Maombi ya mkopo, 30,000. Vyuo vitatu, 30,000. Steshenari, kuchapa, kuskani na kupakia, 35,000. Nauli za Dodoma mjini mara nne, 40,000. Jumla 207,000, na hapo mtoto hajakanyaga chuo.

Kisha ikaja karatasi ya chuo: nusu ya ada kabla ya kusajiliwa, zaidi ya 600,000, bima ya afya 50,400, malazi, na vingine vidogo vidogo ambavyo vikijumlishwa si vidogo.

Naomba hapa mnisikilize kwa makini, maana wengi hudhani mkulima analia umaskini tu. Mwaka ule nilivuna magunia ya kutosha. Niliyauza yote Juni. Juni kila mtu ameshavuna, alizeti imejaa kila kona, na mnunuzi ndiye anayepanga bei. Anayeweza kungoja anangoja hadi Septemba au Oktoba, magunia yanapoadimika. Mimi nilikuwa na uwezo wa kungoja. Ghala ninalo. Niliuza Juni kwa sababu sikujua kwamba Oktoba nitadaiwa ada, nikaezeka chumba kwa pesa ile. Oktoba ilipofika nilikuwa na bati jipya na sina ada. Kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, nacho kinagawana Desemba, na mikopo mikubwa inafungwa Agosti ili watu warejeshe kabla ya mgao. Ningejua mwaka mmoja kabla, ningeweka hisa za mtoto pembeni tangu Januari, na magunia ishirini ningeyafungia ghalani.

Nilitaka kuambiwa tarehe. Pesa ningeitafuta mwenyewe.

Bila mkopo, bila nusu ya ada, binti yangu ameahirisha mwaka. Yuko nyumbani, ananisaidia kupima debe.

5. Cheti kushikiliwa kwa deni la michango

Hili ni fupi. Cheti chake cha kidato cha nne kilizuiwa kwenu kwa deni la mchango wa chakula, 45,000. Nililipa siku niliyoambiwa, lakini niliambiwa Agosti, kwenye dirisha la ofisi, nyuma yangu kukiwa na wazazi wengine tisa wanasikiliza. Deni ni langu na sikatai kulilipa. Cheti ni cha mtoto.

Ndugu Mkuu, Ndugu Mwenyekiti, nimeshasikia majibu ya aina mbalimbali, mengine ofisini kwenu, mengine kwa wazazi wenzangu. Nayajibu hapa ili tusirudishane nyuma.

Mtasema kazi ya shule ni kufundisha na kufaulisha, chuo ni mambo ya mzazi. Kwenye geti lenu kuna bango lenye picha za waliopata daraja la kwanza, na chini limeandikwa kwamba shule inawaandaa viongozi na wataalamu wa kesho. Mtaalamu hapatikani kwa daraja la kwanza lililokaa nyumbani. Na shule ina mwalimu wa ushauri nasaha, jina lake lipo kwenye ubao wa majukumu. Nimemwuliza binti yangu amekaa naye mara ngapi. Mara moja, alipokamatwa na simu.

Mtasema taarifa zote ziko mtandaoni. Ziko. Mwongozo wa udahili umeandikwa kwa Kiingereza, una kurasa nyingi, na kila kozi ina masharti yake. Mimi niliishia darasa la saba, Kiswahili nakisoma vizuri, Kiingereza hapana. Tangazo lenu pekee kuhusu mikopo mlilituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Katika wazazi wa darasa lake ninaowafahamu kuanzia Mbande hadi hapa Kibaigwa, tuko saba, na wenye simu za WhatsApp ni wawili. Walimu wenu nao, kwa heshima zote, wengi waliomba chuo wakati maombi yote yanapita kwa TCU. Tangu 2017 kila chuo kinapokea maombi yake. Mwalimu mmoja alimwambia mwanangu asihangaike, atapangiwa tu. Alimwambia kwa nia njema, kwa habari ya zamani.

Mtasema wazazi hawaji kwenye vikao. Hili lina ukweli na nalikubali kwa niaba yetu. Lakini angalieni vikao vyenu mnaviita lini na kwa ajili ya nini. Vinaitwa Januari na Februari, wakati Dodoma nzima iko shambani, kwa sababu mvua yetu ni moja tu kwa mwaka na ikikupita imekupita. Na ajenda ni michango. Mzazi anayedaiwa hawezi kukimbilia kikao cha kudaiwa. Iteni kikao Julai, mavuno yakiwa ndani, mseme wazi kwamba ajenda ni chuo na mkopo na hakuna atakayesomewa deni, kisha muone kama viti vitatosha.

Mtasema mtoto mwenyewe alihakiki majina yake akasaini. Alisaini akiwa na miaka kumi na sita, kwenye foleni, karatasi ikipita mkono kwa mkono, na tangu utoto alikuwa ameshazoea kuandika John kwenye daftari. Hakuna aliyemwambia saini ile itamgharimu nini. Mngemwambia aje na saini ya mama.

Na mtasema serikali imeshatusaidia, imefuta ada. Ni kweli, na Mungu aibariki. Tangu Julai 2022 hatulipi ada ya kidato cha tano na sita, na bila hilo binti yangu asingefika. Lakini lifuateni jambo hilo hadi mwisho wake. Zamani aliyemfikisha mtoto kidato cha sita mara nyingi alikuwa mwalimu, karani, mfanyabiashara wa mjini. Alijua nani wa kumpigia. Sasa tumefika na sisi, wauza alizeti, wachunga mbuzi wa Chamwino, mama ntilie wa stendi. Hatuna shangazi ofisini. Kadiri watoto wa watu kama sisi wanavyoongezeka madarasani mwenu, ndivyo shule inavyobeba kazi ambayo zamani ilifanywa na mjomba mwenye elimu.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Kila Julai au Agosti, kikao cha wazazi wa kidato cha tano kuhusu chuo, mkopo na gharama tu. Kiswahili kitumike. Mzazi atoke na karatasi moja yenye miezi na pesa: lini cheti kihakikiwe, lini maombi yanafunguliwa kwa kawaida, lini ada inadaiwa. Vijana waliotoka kwenu wakaenda Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na vyuo vingine vya jijini hapa wapo, na likizo wanarudi nyumbani. Wakiitwa watakuja kueleza. Nimewauliza watatu, wote wamekubali bila malipo.

(b) Majina yalinganishwe na cheti cha kuzaliwa kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, na mzazi asaini. Asiyeweza kufika, mtoto apeleke karatasi nyumbani wakati wa likizo. Walio kidato cha tatu sasa waanze mara moja. Humo yumo na mdogo wake, na kivuli chake cha cheti mnacho.

(c) Mwanafunzi asibadilishiwe tahasusi bila barua kwa mzazi inayotaja kozi zinazoondoka.

(d) Kati ya mtihani wa mwisho na kuondoka kwenda JKT, wahitimu wabaki siku tatu. Chumba cha kompyuta mnacho, tulikichangia. Kila mmoja afunguliwe barua pepe, aandike namba ya simu ya mzazi wake na si ya mtu mwingine, apewe bahasha yenye nakala zake zote. Chakula cha siku hizo tatu wazazi tutaleta. Mimi natoa gunia la mahindi.

(e) Yatima, watoto wa kaya maskini zilizo kwenye mpango wa TASAF na wenye ulemavu mnawajua kwa majina. Waambieni tangu kidato cha tano vielelezo gani wakusanye.

(f) Vyeti vitolewe. Madeni tuandikiane kwa awamu, na tuitwe pembeni.

Kuhusu gharama ya haya kwa shule, nimejaribu kuihesabu na sioni kubwa. Karatasi, kalamu, Jumamosi moja ya mwalimu wa ushauri, na umeme wa siku tatu. Kama kuna ambayo siioni, nielezeni, nami nitazunguka kwa wazazi tuichangie.

Naomba bodi ilijadili hili kwenye kikao chake kijacho na kutujibu kwa maandishi kupitia ubao wa matangazo wa shule, ili na mzazi asiye na simu kubwa asome. Naomba pia mwanangu wa kidato cha tatu asiulizwe habari za barua hii. Ameiona leo kama ninyi mlivyoiona.

Mwisho ni la binti yangu. Dirisha la mkopo la mwaka huu halijafunguliwa. Hati ya kiapo tayari, cheti cha kifo tayari, vimehakikiwa vyote. Diploma ya utabibu ameshaisoma masharti yake mwenyewe na ameamua ndiyo njia atakayofuata. Kinachokosekana ni ile barua ya shule inayosema Yohana na John ni mtu mmoja. Faili lake lina kila kitu kinachohitajika kuiandika. Nitafika Jumatatu saa tatu asubuhi kuichukua, na kama mkuu atakuwa kikaoni, naomba iachwe kwa karani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi,
Kibaigwa, Kongwa.

Nakala:
Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri
Afisa Elimu Kata
Wazazi wa kidato cha tatu, cha tano na cha sita